Namba si tasa, ila vigawo vyake havijulikani

Wengi huamini huwezi kusema namba si tasa mpaka utaje vigawo vyake. Sivyo. Chukua 2 kwa kipeo cha 1,048,576, ongeza 1. Namba hiyo ya Fermat (yaani 2 kwa kipeo ambacho chenyewe ni 2 kwa kipeo fulani, ongeza 1) ina tarakimu 315,653, na tangu miaka ya 1980 imethibitika kuwa si tasa. Lakini ukiacha 1 na yenyewe, hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana!

Iliyoiumbua ni kanuni ya Mfaransa Pépin, ya 1877. Ijaribu kwa 17, ambayo nayo ni ya Fermat: toa 1, chukua nusu, unapata 8. Sasa 3 kwa kipeo cha 8 ni 6,561. Ongeza 1, gawanya kwa 17: hakibaki kitu, basi ni tasa. Kwa lile jitu, kilibaki.