Zamu ya saa 12 getini: ovataimu ya mlinzi inahesabiwaje?

Hesabu huanzia kwenye mshahara wa msingi, bila posho. Tuchukue mlinzi wa kampuni binafsi hapa Tanzania anayepata sh. 390,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaelekeza mshahara huo ugawanywe kwa 4.333, kisha kwa saa za kawaida za wiki, ambazo mwisho wake ni 45. Inapatikana takribani sh. 2,000 kwa saa.

Saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu, yaani sh. 3,000. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inaongezewa asilimia 5. Saa ya ziada ikiangukia usiku, asilimia hiyo inapigwa juu ya zile 3,000, hivyo inafika sh. 3,150.

Ugomvi mwingi uko kwenye saa moja ya mapumziko. Siku ya kawaida ni saa 9. Mwajiri anatoa saa ya kula, zinabaki 11, analipa 2 za ziada. Ni halali, iwapo mlinzi anapokewa lindo akapumzike kweli. Lakini aliye peke yake, anayekula huku funguo ziko kiunoni na gari likipiga honi anainuka kufungua, yuko kazini. Saa hiyo lazima ilipwe: sh. 3,150 kila usiku, fedha kubwa kwa mshahara huo.

Wengine huambiwa walisaini zamu za saa 12 bila ovataimu. Makubaliano hayo yapo kisheria, ila yawe ya maandishi, siku zisizidi 5 kwa wiki, na zikizidi saa 45 kwa wiki, ziada inalipwa.

Anayelinda usiku 6 kwa wiki anafanya saa 66 hata ukitoa za kula. Ziada ni 21, na kwa wiki nne ni 84, wakati kikomo ni 50. Ratiba hiyo ni kinyume cha sheria hata ikilipwa yote.

Piga picha kurasa za kitabu cha lindo zenye muda wako wa kuingia na kutoka. Mkishindwa kuelewana, dai lifikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza.