Je, wajua kwa nini mbwa anabweka na bado chatu anamchukua?

Habari huwa ni ile ile, iwe imetoka kwenye mitaa ya Mwanza iliyopanda majabali kama Bugarika na Isamilo, au kwa watu wanaopakana na mafunjo kule Igombe na Ukerewe. Usiku mbwa alibweka sana upande wa nyuma, mwenye nyumba akatoka na tochi, akamulika ukuta, hakuona kitu, akarudi kulala. Asubuhi mbwa hayupo. Hakuna damu wala manyoya yaliyotawanyika, na geti limefungwa kama lilivyoachwa.

Mara nyingi chatu hakumfuata mbwa. Mbwa ndiye aliyemfuata chatu.

Chatu mkubwa wa Afrika, *Python sebae* kwa jina la kitaalamu, hana sumu na hana mbio. Wengi wanaokutwa karibu na makazi ni wa mita 3 hadi 4. Wa mita 5 wapo ila si wengi, na wa mita 10 anaishi kijiweni tu. Anawinda kwa kuotea. Anachagua njia inayopitwa na wanyama, mara nyingi ukingo wa ukuta, mdomo wa mtaro au ufa kati ya mawe mawili, anajikunja na kutulia hapo kwa saa nyingi. Kwenye midomo yake kuna safu ya vishimo vinavyohisi joto, kwa hiyo hata gizani totoro kiumbe chenye damu moto kinachosogea mbele yake anakijua kiko wapi.

Sasa mbwa anafika. Pua inamwambia kuna kitu kigeni, naye hana woga wa kutosha, kwa hiyo anasogea, ananusa, anabweka, anarudi nyuma hatua moja na kusogea tena mbili. Kwa mwizi mtindo huo unafaa, kwa sababu mwizi anasikia na anaogopa watu kuamka. Chatu hana tundu la sikio. Anachopata zaidi ni mtetemo wa ardhi na sauti nzito za chini, na mbweko mwingi uko juu ya kiwango hicho. Anachokiona yeye ni joto linalokuja lenyewe hadi kwenye umbali wa kurukiwa. Kule Florida, Marekani, ambako chatu wa Asia wamevamia, kuna mbwa waliofunzwa kuwanusa, na sehemu ya mafunzo ni kumzuia mbwa asisogee akishapata harufu. Mbwa wetu wa uani hajafundishwa hivyo.

Paka hupatikana kwa njia nyingine. Paka na chatu wanawinda panya, tena kwenye pembe zile zile za banda na stoo. Anayetulia zaidi ndiye anayemwona mwenzake kwanza.

Anachofanya akishakamata

Watu husema chatu anavunja mifupa, au ananyonga mpaka pumzi ikatike. Mwaka 2015 Scott Boback na wenzake wa Dickinson College, Marekani, walipima panya waliobanwa na boa, nyoka anayeua kwa mtindo huo huo, wakakuta kwamba ndani ya sekunde 6 tu shinikizo la damu kwenye ateri lilishuka kwa nusu. Kinachokatika kwanza ni mzunguko wa damu, pumzi inafuata. Mwaka 2012 timu hiyo ilikuwa imeonyesha pia kwamba boa anausikia moyo wa windo kupitia mwili wake, na anaendelea kukaza kwa muda mrefu zaidi moyo ukiwa bado unadunda. Kwa mwenye mbwa maana yake ni mbili: muda ulio nao ni dakika chache, na mbwa kulegea si dalili kwamba ataachiwa.

Ukiwakuta katika hali hiyo, hesabu watu kwanza. Mtu mzima mmoja kwa kila mita ya nyoka ndiyo kanuni ya wanaowashika. Chatu wa mita 3 na wewe uko peke yako usiku: usimguse. Ni uchungu, lakini mbwa ni mbwa. Watoto waingie ndani, mbwa wengine wafungwe.

Mkiwa wa kutosha, mmoja anatupa gunia au blanketi zito juu ya kichwa na kukishika kwa mikono miwili nyuma kidogo ya taya. Mwingine anaanzia mkiani. Mkia ndio sehemu dhaifu. Ukiushika nchani na kuuzungusha kinyume cha mkunjo, pingili zinafunguka moja baada ya nyingine. Wanaoanzia katikati hawatoki, kwa sababu pale ndipo misuli ilipo nene na kila mkivuta yeye anakaza. Kila pingili inayofunguka ishikwe na mtu na kunyooshwa, isipate mguu wala kiuno cha mtu pa kujizungushia. Na asipitishwe shingoni mwa mtu yeyote.

Mdomo una kanuni yake. Meno ya chatu yamepinda kuelekea kooni, kwa hiyo ukimvuta mbwa, au ukakivuta kichwa kinyumenyume, unachana nyama. Kisukumwe kichwa mbele, kuelekea kwa mbwa, meno yachomoke, kisha kiinuliwe. Asipoachia, mmiminie kidogo pombe kali pembeni mwa mdomo. Konyagi inatosha, spiriti ya dukani pia. Vifuniko viwili vitatu, si chupa nzima, na pua ya mbwa ielekezwe pembeni. Wafugaji wa nyoka hutumia njia hii kwa sababu ukali wa pombe unamkera mdomoni na mara nyingi anaachia. Maji ya moto, petroli na pilipili vinamuumiza mbwa kwanza. Panga ndilo baya kuliko vyote: pingili zinasogea, giza limetanda, na mikono ya watu wanne iko pale pale.

Ukimkuta ameshameza, hakuna cha kuokoa. Atakuwa amelala karibu, tumbo limetuna, na anaweza kukaa hivyo siku kadhaa, maana kusaga mnyama mzima ni kazi nzito na inataka joto. Akibughudhiwa anatapika ili awe mwepesi wa kukimbia. Hapo umepata mzoga usiokufaa kitu, na chatu ameondoka na njaa yake ile ile.

Mbwa aliyepona hajapona

Mnyama aliyetolewa kwenye mkunjo anaweza kusimama, akatikisa mkia na kufa jioni. Mbavu zilizopasuka, pafu lililochubuka na damu inayovujia tumboni havionekani kwa nje. Fungua mdomo utazame fizi: zikiwa nyeupe au za kijivu badala ya waridi, anapoteza damu. Akihema haraka huku tumbo likipanda na kushuka kwa nguvu, kifua kimeumia. Mbebe akiwa amelala ubavu juu ya ubao au mlango wa kabati, usimkunje, na umpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anatembea. Vidonda vioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha iodini. Hapahitajiki jiwe la nyoka, kufunga kamba wala kuchanja, kwa kuwa hakuna sumu. Kinachotisha ni usaha, na vipande vya meno vinavyobaki ndani ya nyama.

Usimpe dawa za binadamu. Kidonge kimoja cha panadol kinaweza kumuua paka, na diklofenaki au ibuprofeni inaweza kumtoboa mbwa tumbo.

Haya yote yanafaa kama una hakika ni chatu. Kosa la kawaida ni kumchukua kifutu kwa mtoto wa chatu, kwa kuwa wote ni wanene na wana madoa. Kifutu ni mfupi, mara nyingi chini ya mita 1, mgongoni ana alama kama herufi V zilizofuatana, kichwa kipana kilichotengana na shingo, na hupuliza kwa kishindo. Chatu ana mabaka ya kahawia yasiyo na mpangilio, na utosini ana doa jeusi lenye umbo la ncha ya mshale, limezungushiwa mistari ya rangi hafifu. Anayemzungushia windo mwili mzima na kulikaza si kifutu. Ukiwa na shaka, mchukulie kuwa ana sumu.

Kwa nini alikuja

Mwanza imejengwa juu ya makazi yake. Mapango ya majabali yanahifadhi pimbi na panya, na pimbi ni chakula chake cha asili. Upande wa Ziwa Victoria kuna matete, mafunjo na gugu maji, naye anaogelea vizuri sana. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa kupita kiasi, maji yaliingia kwenye vichaka na nyumba za ufukweni kwa pamoja. Kila kilichokuwa kikiishi kwenye matete kilipanda juu kutafuta pakavu.

Lakini kichaka peke yake hakimleti uani. Utafiti wa chakula cha chatu hawa kusini mwa Nigeria, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba wanaoishi pembezoni mwa miji hula zaidi panya na kuku. Basi tazama uwanja wako kwa jicho hilo: pumba zilizomwagika, gunia la mahindi lililotoboka, dagaa wanaoanikwa chini, vichwa vya samaki vilivyotupwa nyuma ya choo. Hivyo vinaita panya, panya wanaita paka na chatu, na paka yuko katikati.

Kwa hiyo kazi ni ya kibarua zaidi kuliko ya kishujaa. Mapengo kati ya jabali na msingi wa nyumba yazibwe kwa mawe na zege: ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga, na kokoto. Kabla ya kuziba, chomeka fito ndefu ndani na umulike, usije ukamfungia huko, au ukamfungia pimbi aoze. Tundu linalopitisha ngumi linampitisha chatu wa kutosha kumeza kitoto cha mbwa. Mdomo wa mtaro uwekewe chujio la nondo zilizopishana sentimita 2, na lisafishwe kila wiki wakati wa masika, la sivyo takataka zitaziba na maji yataingia kwako. Nyasi zifyekwe mita 5 kuzunguka nyumba. Mabati ya zamani, matofali na mitumbwi mibovu iliyopinduliwa viondolewe, au viinuliwe juu ya vigingi.

Wavu wa kuku wa kawaida haumzuii. Anausukuma kwa pua hadi misumari inang'oka. Tumia wavu mgumu wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi, uupigilie kwa misumari ya U na kuubana kwa mbao juu yake, uufukie sentimita 30 ardhini, na mlango usiache nafasi zaidi ya sentimita 1 chini. Kosa linalojirudia ni kufunga kuta vizuri na kusahau paa. Chatu anapanda.

Watoto wa mbwa na paka walale ndani ya banda la namna hiyo. Mbwa wazima wanaolinda usiku wasifungwe mnyororo: aliyefungwa hawezi kurudi nyuma, na kurudi nyuma ndiyo kinga pekee aliyo nayo.

Vitunguu saumu, salfa, mafuta ya taa na matairi yanayochomwa havimfukuzi, ila vinamfurahisha anayeviuza. Vidonge vya kufukuza nondo, wadudu wanaokula nguo, ni sumu kwa mbwa na paka wako mwenyewe. Sumu ya panya nayo ina njia ya mzunguko: panya anakufa taratibu, paka anamla.

Kumuua chatu nako kuna sheria. Ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kumuua, kumfuga au kuuza ngozi yake bila kibali. Piga 114 upate Zimamoto na Uokoaji, au mwone mtendaji wa mtaa akuunganishe na afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania. Wakati mnasubiri, mtu mmoja asimame mita 5 au zaidi na tochi, kazi yake ikiwa ni kuona anakoelekea tu. Umati ukimzunguka ataingia kwenye ufa, na waliokuja kumkamata watarudi mikono mitupu.

Akichukuliwa, usiache kuziba. Mwaka 2014 watafiti wa Florida waliripoti kwamba chatu wa Asia waliohamishiwa zaidi ya kilomita 20 walishika njia iliyonyooka kurudi walikotoka.

Majivu ambayo wengi huyamwaga ili kumfukuza yana kazi moja ya kweli. Tandaza utepe mwembamba wa majivu au mchanga laini, upana wa kama nusu mita, mbele ya kila pengo na kando ya banda, uusawazishe jioni na kuusoma alfajiri kabla kuku hawajautifua. Mburuzo mpana ulionyooka ni wa nyoka mzito aliyetembea bila haraka. Mstari mwembamba wa mawimbi ni wa nyoka mwembamba, pengine swila, kwa hiyo mikono isiingie kwenye tundu hilo. Mstari mmoja katikati wenye alama za kucha pande zote mbili ni mkia wa kenge, naye alifuata mayai.