Jaribio la uvujaji wa kumbukumbu linalofaa kila mashine ni nini?

Programu ikiomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta na isiirudishe, tunasema kumbukumbu inavuja. Neno lenyewe linapotosha kidogo, kwani hakuna kinachomwagika: huo ni mkopo usiolipwa. Programu ya sekunde mbili haitaona shida. Ile ya kukokotoa hali ya hewa, inayorudia hatua zilezile mara mamilioni, itakopa hadi mashine iishiwe.

Kwa kawaida mdaiwa ni mwandishi wa programu. Katika Fortran, lugha ya kuandikia programu, mambo ni tofauti. Tangu kiwango cha Fortran 95, nafasi iliyotengewa safu (orodha ya thamani) ndani ya sabrutini (kipande cha programu kinachoitwa kufanya kazi fulani) hurudishwa yenyewe sabrutini inapokwisha, isipokuwa mwandishi ameagiza itunzwe. Anayepaswa kuweka agizo la kurudisha ni kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa maagizo ya mashine. Ikisahau, kosa ni lake, na wanaolirekebisha huambatanisha jaribio ili lisirudi kimyakimya.

Ugumu ni kwamba programu inayovuja hutoa majibu sahihi kabisa, kwa hiyo kulinganisha majibu hakusaidii. Wengi hukimbilia Valgrind, chombo kizuri sana kinachohesabu nafasi zisizorudishwa. Lakini Valgrind haifanyi kazi kwenye Windows, wala haizijui prosesa zote ambazo GCC, mkusanyiko wa kompaila za lugha mbalimbali, inazihudumia. Jaribio linaloitegemea litalinda baadhi ya watumiaji tu.

Ndiyo maana katika gfortran, kompaila ya Fortran iliyomo ndani ya GCC, hutumika sana njia nyingine. Kompaila huamriwa kwa `-fdump-tree-original` iandike jinsi ilivyoielewa programu, kabla ya kuanza kuiboresha. Jaribio huhesabu `__builtin_free`, agizo la kurudisha nafasi, limetokea mara ngapi. Kama kabla ya marekebisho lilitokea mara 2 na sasa linapaswa kutokea mara 3, jaribio hudai 3. Programu si lazima hata iendeshwe, kwa kuwa kinachokaguliwa ni maandishi ya kompaila yenyewe.

Hata hivyo maandishi hayo hayafanani kila mahali. Kwenye mashine ya biti 64 utakuta `integer(kind=8)`, yaani namba nzima ya baiti 8, pale ambapo ya biti 32 imeandika `integer(kind=4)`; ukitafuta neno zima kama lilivyo kwako, jaribio litaanguka kwa mwenzako bila kosa lolote.

Mtego mwingine umo katika lugha yenyewe, na ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Kwa kiwango cha Fortran 2008, vigeu (majina yanayoshika thamani) vya programu kuu huhesabiwa kuwa vya kutunzwa, hivyo kompaila hailazimiki kuvirudisha mwishoni. Ukiliandika jaribio moja kwa moja humo, utangoja agizo lisilokuja. Lizungushie `block`, yaani fungu lenye vigeu vyake lenyewe, au lihamishie kwenye sabrutini.

Hesabu pia haisemi agizo limekaa wapi. Nafasi moja ikirudishwa mara mbili na nyingine isahaulike, jumla hubaki ileile. Kwa hiyo mimi huona ni salama kuongeza jaribio la pili linaloendesha programu kweli, kwani kurudisha mara mbili mara nyingi huiangusha. Na kabla ya kuyawasilisha, yajaribu kwa kompaila ya zamani, ile isiyorekebishwa: la kuhesabu likipita huko, bado halijaligusa kosa.