Chakula cha asidi na chakula cha alikali: kinachobadilika ni mkojo, si damu

Kwa miezi kadhaa sasa dawati letu la maswali limekuwa likipokea picha ya aina moja: jedwali lenye safu mbili, moja nyekundu na nyingine ya kijani. Kwenye nyekundu kuna nyama, mayai, jibini, mkate na wali. Kwenye kijani kuna mboga za majani, ndizi, malimau na zabibu kavu. Chini ya jedwali huandikwa kwamba damu yenye asidi ni makazi ya kila ugonjwa, na damu ya alikali haikaliwi na ugonjwa wowote. Wanaotutumia picha hizo wana nia njema, na wengi wao wanauguza mtu nyumbani. Ndiyo maana tumeona tuwajibu wote kwa pamoja.

Jedwali hilo lina chimbuko la kweli. Mwaka 1865 mwanafiziolojia wa Ufaransa, Claude Bernard, alisimulia jinsi alivyoletewa sungura kutoka sokoni. Walikojoa juu ya meza ya maabara, naye akaona mkojo wao ni mwangavu na wenye asidi. Likamshangaza, kwa sababu mkojo wa mla majani huwa na ukungu na ni wa alikali. Akakisia kwamba wanyama wale hawakuwa wamekula, kwa hiyo walikuwa wakiishi kwa kuitafuna miili yao wenyewe, kama wala nyama. Alipowapa majani, mkojo ukarudi kuwa wa alikali. Alipowanyima chakula, ukawa wa asidi. Alipowalisha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa, ukabaki wa asidi.

Hadi leo mambo ni yale yale. Mwaka 1995 Thomas Remer na Friedrich Manz, watafiti wa Ujerumani, walichapisha hesabu ambayo sisi wa lishe bado tunaitumia, maarufu kwa herufi PRAL. Inakadiria mzigo wa asidi ambao chakula kitaupeleka kwenye figo. Protini na fosforasi huongeza mzigo. Potasiamu, magnesiamu na kalsiamu huupunguza. Kwa kila gramu 100, jibini la Parmesan lina takriban milikwivalenti 34 (kizio cha kupimia asidi), kiini cha yai 23, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta karibu 8, na maziwa hayafiki 1. Upande wa pili, ule wa kupunguza asidi, spinachi ina hasi 14, zabibu kavu hasi 21, ndizi hasi 5.5, na maji ya limau hasi 2.5. Limau linawatatiza wengi kwa sababu ni kali mdomoni. Lakini sitreti yake, yaani chumvi ya asidi ya limau, ikishaunguzwa mwilini huacha baikaboneti, ambayo ni alikali, ilhali amino asidi (vijenzi vya protini) zenye salfa zilizomo kwenye nyama na mayai huacha asidi ya salfuriki. Ladha haina neno hapa.

Tafadhali soma tena: mzigo unaopelekwa kwenye figo. Hesabu hii inahusu mkojo, na waliolichukua jedwali wakaandika juu yake neno damu ndio walioleta mkanganyiko wote huu.

Asidi hupimwa kwa pH: namba ikishuka asidi imeongezeka, ikipanda alikali imeongezeka. Damu ya mtu mzima mwenye afya hubaki kati ya pH 7.35 na 7.45, ale nyama wiki nzima au ale majani wiki nzima. Mapafu hutoa kabonidioksaidi inayokaribia milimoli 15,000 kwa siku, na pumzi ikibadilika kidogo tu, pH hurekebishwa ndani ya dakika chache. Figo huondoa asidi ile isiyoweza kupumuliwa nje, takriban milimoli moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na kurudisha baikaboneti kwenye damu. Kwa sababu ya kazi hiyo, mkojo unaweza kuwa popote kati ya pH 4.5 na 8. Mkojo wenye asidi baada ya mlo wa nyama una maana kwamba figo zako zimefanya kazi iliyozileta duniani. Kuna watu wanaoogopa ishara hiyo, nasi tunabaki kujiuliza walitaka asidi hiyo ibaki wapi.

Damu yenye asidi ya kweli ipo, na wodini tunaiona: mwenye kisukari aliyekosa insulini, mtu ambaye figo zimeshindwa, mwenye kuhara kukali, mwenye maambukizi yaliyosambaa mwilini. Huyo anapumua kwa kasi na kwa kina, amechanganyikiwa, na pH ikikaribia 6.8 maisha yanapotea. Hatibiwi kwa juisi ya tango. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na kiungulia ni jambo jingine kabisa. Ni asidi ya tumbo kupanda kwenye umio, na haina uhusiano wowote na safu mbili za jedwali. Tumbo linatakiwa kuwa na asidi.

Kuhusu saratani, jina la mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, huletwa kila mara, pamoja na Tuzo yake ya Nobel ya mwaka 1931. Alipewa tuzo hiyo kwa kazi ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Ni kweli pia kwamba aliona seli za saratani zikichachusha glukosi hata penye oksijeni ya kutosha, na kwamba uvimbe hutia asidi eneo linalouzunguka. Uvimbe ndio unaoitengeneza asidi hiyo. Haikutoka kwenye sahani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitafuta ushahidi kwamba mlo au maji ya alikali huzuia au kutibu saratani, na takriban hayakupata kitu. Mgonjwa anayeahirisha matibabu ili kwanza aisafishe damu anapoteza muda ambao hautarudi. Hili tumeshalisema mara nyingi kuliko tunavyopenda.

Mifupa ni hoja yenye uzito zaidi. Anayekula protini nyingi hutoa kalsiamu zaidi kwenye mkojo, na zamani ilidhaniwa kwamba kalsiamu hiyo huchotwa mifupani ili kuizima asidi. Baadaye ilionekana kwamba protini huongeza pia kalsiamu inayofyonzwa na utumbo, na tafiti zilizopima kalsiamu inayoingia na inayotoka hazikuonyesha kwamba mifupa inapungukiwa. Mzee anayeacha nyama, mayai na maziwa kwa hofu ya asidi anaweza kupoteza misuli, akaanguka, na mfupa ukavunjika kwa sababu hiyo.

Sasa vijikaratasi vya kupimia pH ya mkojo, maana watu wanavinunua na kutuletea matokeo yaliyoandikwa daftarini. Kama ni lazima upime, fuata utaratibu. Tumia chombo safi na kikavu kisicho na mabaki ya sabuni. Acha mkojo wa mwanzo upite, kisha kinga wa katikati. Chovya kijikaratasi mara moja, kung'uta ziada kwenye ukingo wa chombo, kisha linganisha rangi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, si mapema wala baadaye, na kwenye mwanga wa kutosha. Funga kopo papo hapo kwa sababu unyevu huharibu vilivyobaki. Mkojo upimwe ukiwa mbichi. Ukiletwa maabara ufike ndani ya saa 2, au uwekwe kwenye jokofu. Uliokaa tangu asubuhi huwa wa alikali kwa sababu bakteria huivunja urea kuwa amonia. Tumewahi kuletewa chupa ya namna hiyo na mtu aliyefurahi kwamba mlo wake umefaulu. Tena mkojo wa asubuhi huwa na asidi zaidi, na baada ya mlo pH yake hupanda kwa muda, kwa hiyo kipimo kimoja hakisemi chochote kuhusu mlo wako. Mkojo mbichi ambao kila siku ni wa alikali, wenye harufu kali na maumivu wakati wa kukojoa, huenda ni maambukizi ya bakteria kama Proteus. Huo upelekwe kwa daktari.

Maji ya alikali yana hesabu yake. Lita moja ya maji yenye pH 9 ambayo hayana madini mengi huzimwa na mililita moja hivi ya majimaji ya tumbo yenye pH 2. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha pH ya maji ya kunywa kwa msingi wa afya. Kiwango cha 6.5 hadi 8.5 kinachotajwa kinahusu uendeshaji wa mitambo na mabomba. Usalama wa maji hautokani na neno lililo kwenye lebo. Mwaka 2021 nchini Marekani, maji ya chupa yaliyouzwa kama ya alikali yalihusishwa na watoto waliopata ugonjwa mkali wa ini.

Kwa wauzaji na wanaotangaza bidhaa mitandaoni: miongozo ya Codex Alimentarius (viwango vya kimataifa vya chakula) kuhusu madai, iliyopitishwa mwaka 1979 na kufuatwa katika sheria za nchi nyingi, hairuhusu chakula kudaiwa kuzuia, kutuliza au kutibu ugonjwa, isipokuwa pale viwango vya Codex vyenyewe, au pasipo na viwango hivyo sheria ya nchi, vinaporuhusu. Dai halihesabiki kwenye lebo pekee. Kipeperushi, bango, picha ya kabla na baada, na ushuhuda wa mteja uliousambaza wewe mwenyewe, vyote huhesabiwa. Utaratibu wa kawaida ni mamlaka kuchukua sampuli na nakala ya tangazo, kukupa notisi ya maandishi na muda wa kuwasilisha ushahidi. Ukishindwa, unaamriwa kuondoa dai, kisha kurudisha shehena kutoka madukani kwa gharama zako. Ukirudia kosa, faini, kufungiwa leseni au mashtaka hufuata, kwa mujibu wa sheria ya nchi husika. Kusema kwamba ulinakili tu kutoka kwa mtu mwingine si utetezi. Kusema kwamba bidhaa ni ya asili pia si utetezi.

Je, basi safu ya kijani haina faida? Ina faida kubwa. Gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, humpa mtu potasiamu na nyuzinyuzi, na husaidia kushusha shinikizo la damu. Anayekula hivyo kwa sababu ya jedwali hatumkatazi. Tunachokataa ni kufuta safu nyekundu yote. Sahani yenye kipande cha nyama na rundo la mboga tayari imeshajisawazisha, na hakuna haja ya kikokotoo mezani.

Kuna wagonjwa ambao hesabu hii huwasaidia kweli, nao huifanya wakiwa na daktari. Mawe ya asidi ya uriki hujiunda mkojo ukiwa chini ya pH 5.5. Hapo daktari huandika sitreti ya potasiamu ili kuupandisha hadi kati ya 6 na 6.5, na mgonjwa huyo tunamfundisha kupima mkojo kwa makusudi. Ukizidi 7, mawe ya fosfeti ya kalsiamu huanza kujiunda, kwa hiyo kuzidisha nako kuna adhabu yake. Vilevile mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye baikaboneti yake imeshuka chini ya milimoli 22 kwa lita ya damu anaweza kupangiwa matunda na mboga zaidi, au vidonge vya baikaboneti.

Lakini kundi hilo hilo la figo ndilo linalotutia wasiwasi. Figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu, na safu ya kijani imejaa potasiamu. Ikipanda sana kwenye damu, moyo unaweza kusimama bila dalili ya kutosha kumwonya mtu. Hatari huongezeka kwa anayetumia spironolaktoni (dawa ya kuongeza mkojo), au dawa za presha kama enalaprili na losartani, au chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Magadi ya kuokea (baking soda), ambayo wengine huyanywa ili kupunguza asidi, nayo si mchezo: kijiko kimoja cha chai kina takriban miligramu 1,260 za sodiamu, zaidi ya nusu ya miligramu 2,000 zinazopendekezwa kuwa kikomo cha siku nzima. Mwenye presha au moyo uliopanuka asiyanywe kwa ushauri wa jirani.

Kabla ya kubadilisha mlo, mwenye tatizo la figo, moyo au presha aombe vipimo vitatu vya damu: kreatinini (inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi), potasiamu na baikaboneti. Njoo na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na virutubisho na unga wowote ulionunua, hata kama unaona aibu kuuonyesha. Vijikaratasi vya mkojo unaweza kuviacha nyumbani.