Leo mzima, kesho hoi: maswali ya walio katikati ya kemotherapi

Anayeanza kemo, yaani tiba ya saratani kwa dawa, huelezwa mengi siku ya kwanza, na mengi husahau kabla hajatoka mlangoni. Maswali yenyewe huja baadaye, akishafika dozi ya tatu au ya nne.

Mbona wiki moja najiona mzima, na nyingine hata kuinuka kitandani sitaki?

Dawa hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi ya siku 14, 21 au 28, na mwili nao hufuata mzunguko huohuo. Kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Za saratani ni hivyo, lakini pia za uboho, unaotengeneza damu, za utando wa mdomo na utumbo, na za mashina ya nywele. Siku za kati ya dozi moja na nyingine zimewekwa ili hizi nzima zipate kujijenga upya.

Chukua mzunguko wa siku 21. Siku mbili za kwanza wengine huchangamka mpaka usingizi unawaruka. Mara nyingi hiyo ni kazi ya deksamethasoni, wanayopewa kuzuia kutapika. Ikishakatwa, mwili unaporomoka, na kichefuchefu cha kuchelewa kinaweza kukutana nawe hapohapo, kati ya siku ya 2 na ya 5. Wiki ikielekea kwisha, mdomo huanza kuwasha na pengine kutoka vidonda. Kisha, takriban siku ya 7 hadi ya 14, seli nyeupe za damu hushuka chini kabisa. Wiki ya tatu unafufuka, chakula kina ladha, na kumbe ndiyo wiki ya kurudi kwenye dripu.

Angalia kitu kimoja hapo: siku unazojisikia vibaya na siku za hatari si lazima ziwe zilezile. Mtu anaweza kuwa siku ya 10, anatembea, anacheka, na kinga yake iko sakafuni.

Ratiba ya dawa yako inaweza kutofautiana na hii, kwa hiyo andika ya kwako kwenye daftari. Mstari mmoja kwa siku unatosha: umelalaje, umekula nini, nini kimeuma. Dozi mbili tatu zikipita utaanza kuona siku zako mbaya zinakuja lini, na daktari naye atapata kitu cha kushika badala ya kusikia "sijisikii vizuri".

Nikiteseka sana, si ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi?

Hapana. Ukali wa madhara haupimi saratani imepungua kiasi gani. Yupo anayepita kwa wepesi na uvimbe wake unasinyaa. Majibu ya swali hilo yako kwenye vipimo.

Nikipata homa usiku, ningoje asubuhi?

Usingoje. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ukiwa kwenye kemo ni dharura, hata kama hakuna kingine kinachouma. Seli nyeupe zikiwa chache, jeraha linaweza lisivimbe wala kutunga usaha, kwa hiyo joto huwa ndiyo ishara pekee kwamba maambukizi yameingia. Hospitali hujitahidi kukuwekea antibayotiki ndani ya saa moja tangu ufike. Kwa hiyo usianze kumweleza wa mapokezi historia yote, sema kwanza, "Niko kwenye kemo na nina homa."

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kumeza parasetamoli kabla ya kujipima. Joto linashuka, maambukizi yanaendelea, na familia inalala kwa amani. Nunua kipimajoto, kiweke karibu na kitanda. Kutetemeka kwa baridi kali, kutoka damu kusikokoma, kupumua kwa shida au kutapika hata maji nako hakungoji asubuhi.

Nilifika kwa ajili ya dripu nikaambiwa damu haitoshi, nirudi wiki ijayo. Nimekosea nini?

Huenda hukukosea lolote. "Damu haitoshi" ni msemo unaochanganya watu, maana wengi hutoka hapo wakatafuta vyakula vya kuongeza damu. Mara nyingi kilichopungua ni nyutrofili, yaani seli nyeupe za mstari wa mbele, na hizo hazipandi kwa sahani moja ya chakula. Vituo vingi hutaka zifike angalau 1,000 hadi 1,500 kwa maikrolita kabla ya kuendelea. Uliza namba ipi imeshuka. Wakati mwingine hutolewa sindano ya filgrastimu kuusukuma uboho, na mifupa inaweza kuuma siku chache. Kuahirishwa hivi hutokea mara kwa mara.

Seli nyekundu ni hadithi nyingine. Zinaishi takriban siku 120, ndiyo maana upungufu wake hunyemelea polepole, na dozi ya nne inaweza kukuchosha kuliko ya kwanza ingawa dawa ni ileile. Kutembea kidogo kila siku, hata kuzunguka nyumba tu, husaidia uchovu kuliko kulala kutwa. Ukipanda ngazi chache na moyo unadunda, mwambie daktari.

Natapika kabla hata dripu haijafunguliwa. Nimerogwa na harufu ya wodi?

Ubongo umejifunza kuunganisha harufu, kiti na sindano na kichefuchefu cha dozi zilizopita. Si udhaifu wala uigizaji. Lisemwe mapema, kwa sababu kuna dawa ya kutuliza inayoweza kutolewa kabla ya siku yenyewe. Na zile za kuzuia kutapika za nyumbani, zimeze kwa saa ulizoandikiwa. Kichefuchefu kikishakolea ni kazi kukirudisha nyuma.

Vidole vinakufa ganzi. Nivumilie mpaka nimalize?

Usivumilie kimya. Dawa za kemo kama paklitakseli, oksaliplatini na vinkristini huweza kuumiza neva, na madhara hujilimbikiza dozi kwa dozi. Ukishindwa kufunga kifungo cha shati, taja hivyohivyo. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Wagonjwa huficha wakidhani watanyimwa tiba, na wengine hubaki na ganzi muda mrefu.

Mkojo umekuwa mwekundu!

Kama umepewa doksorubisini, ni rangi ya dawa yenyewe. Hupotea siku moja au mbili. Kama hukupewa, au inaendelea, kapime.

Nyumbani wanasema nadeka: jana nilicheka na wageni, leo sitaki kusemeshwa.

Waonyeshe lile daftari. Mtu asiyeelewa maelezo huelewa kalenda yenye siku zilizozungushiwa duara. Wageni, safari fupi na shughuli za familia zisogezwe kwenye siku zako nzuri, na anayekohoa asije katika zile za kinga kushuka. Lakini huzuni isiyoondoka hata wiki nzuri ikifika, kwa majuma mawili mfululizo, usiihesabu kuwa sehemu ya mzunguko. Iandike nayo, uipeleke kliniki pamoja na homa na ganzi.