Upupu nao ni wa asili

Jumanne asubuhi, chai yangu haijafika nusu, ameingia binti wa kidato cha tatu na mama yake. Mashavuni ana michirizi ya kahawia iliyokolea, imeshuka mpaka kidevuni kama mchuzi uliomwagikia kitambaa. Jibu nilikuwa nalo, nikauliza tu kwa adabu.

"Ni ndimu tu ya kumtoa chunusi, dokta," mama akasema. "Kemikali hatujampaka hata moja."

Maneno hayo nayasikia kila wiki, na kila wiki namweleza mtu mmoja kwa upole. Leo naandika ili koo lipumzike. Upupu nao ni wa asili. Haukutoka kiwandani, hauna kopo wala nembo, umejiotea porini kwa rehema za Mungu. Haya, jipake.

Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, ukali unapanda). Ngozi yako hukaa kwenye 5 hivi. Kwenye kipimo hicho kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo hapo umeshajipaka kitu chenye ukali mara elfu moja hivi kuliko ngozi ilivyozoea. Ndiyo maana inawasha, na watu wakiwashwa hufurahi: "inafanya kazi." Inaunguza, mama.

Lakini asidi ningeweza kuisamehe. Mtu akipaka usiku, akanawa vizuri, ataungua kidogo na yataisha. Kinachoniudhi ni ndimu na jua. Ndimu ina furanokumarini, kemikali zake za asili zinazoamshwa na jua, nyingi zaidi kwenye ganda kuliko kwenye maji, na ukiikamua kwa vidole unapata vyote viwili. Zikiwa gizani hazina neno. Zikipigwa na miale ya jua iitwayo UVA juu ya ngozi ndipo zinapoanza kuua seli. Tena hazifanyi haraka: maumivu na malengelenge huja baada ya siku moja mpaka tatu. Binti amepaka Jumamosi, ameanika nguo uani, Jumatatu uso unamchoma. Ndimu ameshaisahau. Analaumu sabuni, analaumu maji ya kisima, analaumu jirani. Na kwa ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani kabisa, unaona weusi tu ukishajichora, nao unaweza kukaa miezi. Wahudumu wa baa wanaokamua ndimu juani hupata jambo hilohilo mikononi, na wao hata chunusi hawakuwa nazo.

Sasa sikilizeni hili, maana ndipo pesa zenu zinapopotelea. Chunusi na doa la chunusi ni vitu viwili. Wengi wanaoniambia "chunusi haziishi" nikiwapapasa usoni sikuti kitu, ngozi tambarare. Chunusi ilishakwenda, imeacha rangi. Rangi ile iko ndani, si uchafu wa kusugua. Ukiisugua kwa sukari, chumvi au dodoki unaiumiza ngozi upya, na ngozi yetu ikiumia hujibu kwa kuongeza rangi. Doa likikolea, mtu anakimbilia mkorogo. Anauziwa kitube chenye clobetasol, dawa kali ya steroidi. Wiki mbili tatu anang'aa, anajipiga picha. Kisha vinafumuka vipele vya ukubwa mmoja, vyote kwa pamoja, paji la uso lote. Alianza na chunusi tatu za kawaida za umri wake.

Mengine nayapita mbio. Dawa ya meno: ya meno. Magadi: hapana. Kitunguu saumu kibichi kimeshaniletea malengelenge usoni, hapana. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu na nywele, usoni penye chunusi yanaziba. Mkojo wa asubuhi: jamani.

Msidhani nimeleta kiburi cha hospitali. Mafuta ya mti wa chai ni ya asili, na mwaka 1990 Waaustralia walichapisha utafiti wa watu 124 wakiyashindanisha, yakiwa asilimia 5, na benzoili peroksidi, dawa ya chunusi ya kupaka, ya asilimia 5. Yote mawili yalipunguza chunusi. Ya mti wa chai yalichelewa kuanza, ila hayakuwasha sana kama benzoili. Lakini soma tena: asilimia 5. Siyo kuchovya kidole kwenye chupa. Mshubiri unapoza, ila ukishaukata uache kwanza maji ya manjano yachuruzike. Na liwa, bibi yangu wa Tanga aliisaga kwenye jiwe akatupaka wajukuu wote. Kwamba inaponya chunusi siwezi kuapa. Inapoza, inanukia, na haijawahi kuniletea mgonjwa.

Kuna jambo linalonisumbua, na vitabuni halisemwi kwa sauti. Chunusi moja ndogo hupona yenyewe kwa wiki moja hivi. Kwa hiyo chochote utakachoipaka "kitafanya kazi", pamoja na dawa yangu. Ndiyo maana sitaki kusikia habari za siku ya nne. Nione wiki ya nane, tena nihesabu zile mpya, kwa sababu chunusi ya leo ilianza kuziba kwenye kinyweleo wiki nyingi kabla hujaiona kwenye kioo.

Na dawa zangu si malaika. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpa kijana mmoja benzoili peroksidi ya asilimia 10, nikiamini kali ndiyo bora. Aliungua, akapata madoa yaleyale ninayowagombeza akina mama. Ya 2.5 ingetosha, hilo lilijulikana tangu miaka ya 1980, mimi sikuwa nimesoma. Foronya zake nazo zilichujuka.

Chakula? Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi nacheka kidogo. Vile vinavyopandisha sukari ya damu haraka, soda na wenzake, nimeanza kuvishuku. Maziwa nasitasita. Mafuta ya chipsi kutoka tumboni kwenda kutokeza kwenye shavu, hapo bado siamini.

Binti nimempa adapalini, dawa ya chunusi ya kupaka, ya asilimia 0.1 usiku, kiasi cha njegere moja kwa uso mzima, aanze kwa kuruka siku, leo apake kesho aache, ili isimchubue. (Mjamzito asiguse.) Mchana krimu ya kukinga jua, na mtandio auvute mbele. Akitokewa na manundu makubwa yanayouma asingoje tarehe, aje, maana hayo huacha mashimo.

Mama alikuwa bado ana neno. Alinunua ndimu fungu zima sokoni, zimebaki nyingi, sasa azifanyie nini?

Nikamwuliza kama nyumbani wanakula samaki.