Bingwa wa dunia wa sataranji ni nani hasa? Steinitz, Morphy na taji la 1886

Kila habari ya sataranji inapopita mitandaoni kwetu, kuna mtu anatawazwa ubingwa wa dunia ambao hajaupata. Aliyeshinda mashindano ya mwisho wa wiki: bingwa wa dunia. Anayeongoza orodha ya pointi: bingwa wa dunia. Kijana aliyemfunga grandmasta (mchezaji wa cheo cha juu kabisa) mmoja kwenye simu: naye kishakuwa bingwa wa dunia. Hayo ningeyaacha yapite. Kinachonikera ni pale watu wanapoingia kwenye historia, wakampa Paul Morphy wa New Orleans taji la kwanza, halafu Wilhelm Steinitz, mwenye taji hilo hasa, akatajwa tu kama mzee fulani aliyepigwa na Lasker, bingwa aliyemfuata.

Maana yenyewe ni fupi. Bingwa wa dunia ni mtu anayeshika taji linalotambuliwa, aliyelipata kwa kumshinda aliyekuwa nalo katika pambano la watu wawili, na anakaa nalo mpaka avuliwe, aliachie au afariki. Taji likibaki wazi, hutafutwa utaratibu wa kulijaza. Anayefuatilia ndondi hahitaji maelezo zaidi: unaweza kumbwaga kila bondia mjini, lakini kama hujapanda ulingoni na mwenye mkanda, mkanda si wako.

Sehemu ya kosa ni ya Kiswahili chetu wenyewe. Bingwa kwetu ni mshindi, na pia ni mtu aliyebobea. Ndiyo maana tuna daktari bingwa ambaye hakushindana na yeyote. Kwa maana hiyo ya pili, Morphy alikuwa bingwa kuliko wote wa wakati wake, na anayebisha atakuwa hajaangalia michezo yake. Mwaka 1857, akiwa na miaka 20, alishinda kongamano la kwanza la sataranji la Marekani mjini New York. Mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Ulaya, na Desemba 1858 mjini Paris akamfunga Mjerumani Adolf Anderssen michezo 7, akipoteza 2 na kutoka sare 2. Anderssen ndiye aliyekuwa ameshinda mashindano ya kwanza ya kimataifa, yale ya London ya 1851. Mwingereza Howard Staunton, ambaye Morphy alitaka sana kucheza naye, hawakukutana kabisa katika pambano. Kisha Morphy akarudi kwao, akaacha mashindano ya maana akiwa bado kijana, na akafa New Orleans mwaka 1884.

Sasa, alitwaa taji gani? Hakuna. Taji halikuwepo. Anderssen hakuwa nalo la kumvua, na pambano la Paris halikuwa na maandishi yoyote yanayosema mshindi ataitwa bingwa wa dunia. Morphy alikuwa mchezaji bora kuliko wote, kama alivyokuwa Staunton baada ya kumpiga Mfaransa Saint-Amant mjini Paris mwaka 1843, na kama alivyokuwa La Bourdonnais alipocheza michezo 85 na McDonnell mjini London mwaka 1834, na kama alivyokuwa Philidor katika karne ya kumi na nane. Hao wote walisifiwa kuwa hawana mfano. Lakini sifa haiwekewi dau, wala haitetewi kwa tarehe maalumu.

Steinitz alitokea upande mwingine kabisa. Alizaliwa 14 Mei 1836 katika mtaa wa Wayahudi mjini Prague, wakati huo ikiwa chini ya dola ya Austria. Alikwenda Vienna kusoma hisabati, lakini ubao ukamshika kuliko vitabu. Siku hizo alicheza kwa kushambulia tu, akitoa kete kafara kama wenzake wote wa zama hizo, hata akapachikwa jina la Morphy wa Austria. Mwaka 1862 alipelekwa kwenye mashindano ya London; akamaliza wa sita, Anderssen akashinda. Hakurudi. Alibaki London akiishi kwa sataranji: kucheza kwa pesa, na baadaye kuandika magazetini.

Miaka minne baadaye, 1866, akakaa ubaoni na Anderssen mjini humo. Walicheza michezo 14, na hakuna hata mmoja uliokwenda sare: Steinitz 8, Anderssen 6. Kwa kuwa Morphy alikuwa amejitoa, Steinitz akawa mchezaji bora miongoni mwa waliokuwa bado wanacheza. Hapa ndipo linapoanza kosa la pili, ambalo hata watu wazoefu wa sataranji wanalifanya: wanasema Steinitz alikuwa bingwa wa dunia kuanzia 1866 hadi 1894, miaka 28. Mwenyewe alichangia. Katika miaka ya 1880 alidai kwamba ubingwa ulikuwa wake tangu siku zile za Anderssen. Ila hakuna ushahidi kwamba alijitangaza hivyo mwaka 1866 wenyewe, na pambano lile halikuchezwa kwa jina hilo. Madai ya mtu anayetazama nyuma miaka ishirini ni mazuri kuyajua, lakini hayageuzi pambano la kawaida kuwa la ubingwa.

Na dunia ya sataranji haikumkubalia kirahisi. Mwaka 1872 alimchapa Johannes Zukertort, mchezaji mwingine aliyehamia London, michezo 7 kwa 1, sare 4. Ungefikiri jambo limekwisha. Lakini mwaka 1883 yakafanyika mashindano makubwa ya London, na Zukertort akashinda michezo 22 kati ya 23 ya mwanzo. Akapoteza mitatu ya mwisho, na bado akamwacha Steinitz, wa pili, kwa pointi 3 nzima. Wapenzi wa Zukertort wakawa na hoja: yeye ndiye bora. Wapenzi wa Steinitz wakajibu kwamba mashindano ya wengi ni kitu kingine, waende mtu na mtu. Kila tunapomwita mshindi wa mashindano bingwa wa dunia, tunarudia ubishi ambao wale wawili waliumaliza kwa njia ya heshima: kwa mkataba.

Steinitz alikuwa amehamia Marekani mwaka huohuo wa 1883. Pambano likaanza New York, 11 Januari 1886. Dau dola 2,000 kila upande, mshindi ni atakayetangulia kushinda michezo 10, sare hazihesabiwi. Mkataba ulisema wazi kwamba wanachezea ubingwa wa dunia. Hilo ndilo jambo jipya. Mpaka hapo neno lilikuwa la wapambe na wahariri. Sasa lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, na wachezaji wenyewe wakaweka sahihi.

Steinitz alishinda mchezo wa kwanza, halafu akapoteza minne mfululizo. New York ikaisha akiwa nyuma 4 kwa 1. Wakahamia St. Louis, akashinda mitatu, sare moja, wakawa sawa 4 kwa 4. Kipande cha mwisho kikachezwa New Orleans, mji wa Morphy, aliyekuwa amefariki chini ya miaka miwili kabla. Huko Zukertort, ambaye afya yake haikuwa nzuri, aliambulia ushindi mmoja tu. Tarehe 29 Machi 1886 Steinitz alifikisha ushindi wa 10. Zukertort alikuwa na 5, sare 5. Zukertort akafa London mwaka 1888.

Ukiniuliza kwa nini Steinitz aligeuza pambano lile, nitakupeleka nyuma hadi Vienna, 1873. Tangu mashindano ya huko alianza kucheza kwa namna iliyowashangaza watu. Badala ya kutafuta shambulio tangu mwanzo, alikusanya faida ndogondogo: mraba ambao mpinzani hawezi tena kuulinda, askari aliyebaki peke yake bila wa kumkinga, maaskofu wawili dhidi ya askofu na farasi. Alifundisha kwamba shambulio lina haki ya kufaulu pale tu ambapo tayari una faida, na kwamba ukiwa nayo huna budi kushambulia, la sivyo itayeyuka. Wengi waliona ni uoga. Matokeo hayakusema hivyo: kuanzia Vienna 1873 hadi Vienna 1882 alishinda michezo 25 mfululizo bila sare, ikiwemo yote 7 dhidi ya Joseph Blackburne mwaka 1876. Ni kweli katikati kulikuwa na miaka ambayo hakushindana, akiandika safu yake ya sataranji kwenye gazeti la The Field. Hata hivyo, 25 ni 25.

Alikuwa pia mkaidi, na ukaidi wake una raha ya kusoma. Aliamini mfalme ni kete yenye nguvu inayojua kujilinda, hivyo akabuni ufunguzi ambao mfalme wake hutoka hadi mstari wa pili katika hatua ya tano, malkia wa adui akiwa tayari amempa shaha, yaani anamtishia moja kwa moja. Mwalimu yeyote leo angemzuia mtoto asifanye hivyo.

Baada ya 1886 alifanya kile kinachofanya taji liwe taji: alilitetea. Havana 1889 dhidi ya Mrusi Mikhail Chigorin, New York 1890 hadi 1891 dhidi ya Isidor Gunsberg, Havana tena 1892 dhidi ya Chigorin huyohuyo. Mwaka 1894 akaja Emanuel Lasker, Mjerumani wa miaka 25, wakati Steinitz akitimiza 58 katikati ya pambano. Wakacheza New York, Philadelphia na Montreal. Lasker akashinda michezo 10 kwa 5, sare 4. Kwa hiyo yule "mzee aliyepigwa na Lasker" ndiye aliyempa Lasker kitu cha kushinda. Marudiano ya Moscow, 1896 hadi 1897, yalikuwa mabaya zaidi, 10 kwa 2, na baada yake Steinitz akaugua akili. Alifariki 12 Agosti 1900 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini New York, akiwa fukara.

Kilichobaki ni mnyororo wa mabingwa. Lasker alikaa na taji miaka 27, akavuliwa na José Raúl Capablanca mjini Havana mwaka 1921. Alexander Alekhine akamvua Capablanca mwaka 1927. Wakati wote huo taji lilikuwa karibu mali binafsi: bingwa alichagua apigane na nani na kwa pesa kiasi gani, na Capablanca aliweka kiwango cha dola 10,000 ambacho wengi hawakuweza kukifikia. Alekhine alipofariki mwaka 1946 akiwa bado bingwa, shirikisho la kimataifa, FIDE, lilipanga mashindano ya watu watano mwaka 1948, na Mikhail Botvinnik akashinda. Hiyo ndiyo njia ya kujaza kiti kilicho wazi niliyoitaja mwanzo.

Tofauti hiyo ya bingwa na mchezaji bora inatufaa hata leo. Magnus Carlsen wa Norway, aliyekuwa bingwa, aliamua kutotetea taji. Mwaka 2023 Ding Liren akalitwaa mjini Astana, na Desemba 2024 Gukesh wa India, akiwa na miaka 18, akamvua mjini Singapore. Mara zote mbili Carlsen ndiye aliyekuwa nambari moja kwa pointi, na mara zote mbili hakuwa bingwa. Grandmasta nacho ni cheo cha kudumu, kinachoshikwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Phiona Mutesi wa Katwe, Uganda, alipata cheo kimojawapo cha wanawake, kilicho chini ya hicho, kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul ya 2012. Ni hatua ya kujivunia, na haihitaji kubandikwa ubingwa wa dunia ili ionekane.

Basi ukimtaja Morphy, mwite mchezaji bora wa zama zake na hakuna atakayekukosoa. Steinitz mwite bingwa wa dunia wa kwanza, 1886 hadi 1894. Na kama unampenda sana kiasi cha kutaka kuanzia 1866, anzia, ila ongeza maneno machache: kwa hesabu yake mwenyewe.